Kufundisha Kuona: Kompyuta, Pembetatu na Mifano ya Mwalimu

UTANGULIZI

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka uliopita tuliketi nyuma ya Darasa la Tatu tukimtazama mwanachuo wetu akifundisha maumbo. Andalio lake la somo lilikuwa safi, sauti yake ilisikika hadi dawati la mwisho, na zana zake zilikuwa tayari tangu siku iliyotangulia. Alichora pembetatu ubaoni, akaeleza kuwa ni umbo lenye pande tatu zilizonyooka na pembe tatu, akawaongoza watoto kulitamka jina lake, kisha akawapa mifano mingine mitano. Mwishoni, ili kupima kama wameelewa, alichora pembetatu iliyosimama juu ya ncha yake, kitako kikiwa juu. Akamwuliza msichana mmoja, "Hili ni umbo gani?" Msichana akalitazama kwa makini, kisha akajibu, "Sijui, Mwalimu. Pembetatu haikai hivyo."

Darasa likacheka. Mwanachuo akaandika katika daftari lake kuwa mtoto huyo ni mzito wa kuelewa, nasi tulikaribia kukubaliana naye. Jioni, tuliporudi chuoni, tuliitazama chati ya maumbo iliyotundikwa katika chumba chetu cha zana, ile ambayo wanachuo wote huinakili kabla ya kwenda mazoezini. Ilikuwa na pembetatu sita. Zote sita zilikalia kitako. Chati hiyo tuliichora sisi wakufunzi.

Mtoto yule hakuwa mzito. Alikuwa amejifunza barabara kile alichoonyeshwa. Maneno ya mwalimu yalisema pande tatu na pembe tatu. Mifano ya mwalimu ilisema pande tatu, pembe tatu, na kukalia kitako. Mtoto aliiamini mifano.

Makala haya yanakusudia kuwaonyesha walimu wanafunzi jinsi kosa la namna hii linavyotokea, na jinsi ya kuliepuka. Ili kulieleza vizuri tutapitia njia ambayo huenda wengi hawakuitarajia, yaani elimu ya uoni wa kompyuta na uchakataji wa picha. Elimu hiyo huuliza swali moja: mashine isiyojua chochote itafundishwaje kutambua kilichomo katika picha? Waliotafuta jibu lake wamelazimika kueleza hatua kwa hatua mambo ambayo sisi walimu huyapita haraka, kwa sababu mwanafunzi wao hakisii wala haoni haya kukosea. Tutawafuata wanafunzi watatu wa shahada za juu, kila mmoja na swali alilolichagua kuwa utafiti wake. Katikati tutaeleza somo ambalo mwalimu anaweza kulifundisha kwa chaki na daftari la miraba, hata kama shule yake haina kompyuta.

PICHA NI JEDWALI LA NAMBA

Yatupasa kwanza kufahamu kompyuta inaona nini. Kompyuta haina jicho kama letu. Inapopewa picha, picha hiyo hukatwa katika miraba midogo sana, na kila mraba hupewa namba inayoonyesha wingi wa mwanga uliopo mahali pale. Mraba mmoja wa namna hiyo huitwa pikseli. Kwa picha ya rangi, kila mraba huwa na namba tatu: ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu. Kwa hiyo uso wa mtu, jani la muhogo au paa la nyumba, vyote humfikia mashine kama jedwali refu la namba, wala si kitu kingine.

Mwaka 1957 mhandisi Russell Kirsch, aliyefanya kazi katika Idara ya Taifa ya Viwango ya Marekani, alikuwa wa kwanza kuingiza picha ya namna hiyo katika kompyuta. Ilikuwa picha ya mwanawe mchanga, Walden. Ilikuwa na miraba 176 kwa upana na 176 kwa urefu, yaani miraba 30,976 kwa jumla. Mwalimu anaweza kuwapa watoto wa madarasa ya juu hesabu hiyo ya kuzidisha, kisha akawaambia kuwa simu ya mkononi ya siku hizi hupiga picha yenye mamilioni ya miraba.

MWANAFUNZI WA KWANZA: KINGO ZIKO WAPI?

Ikiwa picha ni jedwali la namba, basi mwisho wa kitu na mwanzo wa kingine uko wapi katika jedwali hilo? Hili ndilo swali alilolishughulikia Lawrence Roberts, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo cha MIT huko Marekani. Tasnifu yake ya mwaka 1963 ilihusu jinsi mashine inavyoweza kutambua vitu vyenye umbo la pande tatu, yaani urefu, upana na kimo, kutokana na picha bapa. Hakuanza na nyuso za watu wala miti. Alianza na vitu sahili: michemraba na miche yenye nyuso bapa. Mwalimu wa shule ya msingi ataitambua mara moja hekima hiyo ya kuanza na lililo jepesi.

Njia yake ya kutafuta kingo yaweza kuelezwa kwa hesabu ya kutoa. Chukua miraba minne iliyokaa pamoja, miwili juu na miwili chini. Toa namba kwa mshazari: ya juu kushoto na ya chini kulia, kisha ya juu kulia na ya chini kushoto. Ikiwa miraba yote minne ina namba 8, tofauti zote mbili ni 0, na hapo hapana ukingo. Ikiwa miraba miwili ya kushoto ina 8 na miwili ya kulia ina 2, kila tofauti ni 6. Ukizijumlisha unapata 12, na hapo pana ukingo. Njia hiyo bado hufundishwa vyuoni na huitwa kwa jina lake.

Wengi waliofuata walidhani kazi iliyobaki ni ndogo. Mwaka 1966, katika chuo hichohicho, Seymour Papert aliandika mpango wa kuwatumia wanafunzi wakati wa likizo ya kiangazi kujenga sehemu kubwa ya mfumo wa kuona. Kiangazi kilipita, ikapita na miaka mingi, kazi isiishe. Mambo ambayo mtoto wa miaka mitatu huyafanya bila kuwaza, kama kumtambua mama yake kwa nyuma, yaliwashinda wataalamu. Kwa hiyo tusidhani kuwa jambo ni jepesi kwa sababu tu sisi tunalifanya kwa urahisi.

SOMO LA DARASANI: KUTAFUTA UKINGO KWA KUTOA

Somo hili tumelijaribu na wanachuo wetu, na tunalipendekeza kwa Darasa la Tano. Linatumia stadi ambazo watoto wanazo: kutoa, kupanga namba kwa ukubwa na kutafuta wastani. Zana zinazohitajika ni ubao, chaki, na daftari la hesabu lenye miraba.

Hatua ya kwanza. Mwalimu awaambie watoto kuwa 0 ni giza tupu na 9 ni weupe mtupu. Awaombe wamtajie vitu darasani na kuvipa namba: ubao, karatasi, kivuli kilicho chini ya dawati. Watabishana, na ubishi huo una faida, kwani wataona kuwa kivuli kimoja hakiwi na giza sawa mahali pote.

Hatua ya pili. Mwalimu aandike ubaoni safu hii ya namba nane:

8 8 1 8 8 2 2 2

Aeleze kuwa ni kipande chembamba cha picha ya ukuta mweupe uliokutana na mlango mweusi, lakini punje ya vumbi iliangukia picha. Watoto watafute tofauti kati ya kila namba na jirani yake wa kulia. Watapata:

0 7 7 0 6 0 0

Sasa mwalimu aulize: "Ukingo wa mlango uko wapi?" Tofauti ya 6 ndiyo ukingo wa kweli. Lakini tofauti za 7, ambazo ni kubwa zaidi, zimetokana na vumbi. Mashine inayofuata tofauti kubwa pekee itaona ukuta una kitu ambacho hakipo.

Hatua ya tatu. Hapa ndipo uchakataji wa picha unapoingia, yaani kuisafisha picha kabla ya kuitafsiri. Kundi la kwanza la watoto libadilishe kila namba, isipokuwa za mwanzo na mwisho, kwa wastani wa namba tatu: yenyewe na majirani wake wawili. Kundi la pili lipange namba hizohizo tatu kwa ukubwa na kuchukua ile ya katikati. Wote watumie safu ya awali katika kila hesabu, wala wasitumie namba walizokwisha kuzibadili.

Kundi la kwanza, likikadiria kwa namba nzima, litapata 8 6 6 6 6 4 2 2. Tofauti zake ni 2 0 0 0 2 2 0. Vumbi limefifia, lakini ukingo wa mlango umefifia pamoja nalo. Kundi la pili litapata 8 8 8 8 8 2 2 2, na tofauti zake ni 0 0 0 0 6 0 0. Vumbi limeondoka na mlango umebaki palepale.

Hatua ya nne. Mwalimu awaulize watoto kwa nini makundi mawili yaliyopewa namba zilezile yamepata picha mbili. Asiwape jibu upesi. Baadhi watagundua kuwa wastani huwalazimisha wote wagawane kosa la mmoja, bali namba ya katikati humwacha pembeni yule aliye tofauti sana. Kisha aulize swali gumu zaidi: je, ikiwa lile giza halikuwa vumbi, bali ni tundu la kweli ukutani? Hapo njia ya pili imelifuta tundu. Watoto wafahamu kuwa hakuna njia ya kusafisha isiyoweza kufuta pia kitu cha kweli, na kwamba mtu ndiye huamua kipi ni vumbi na kipi ni habari.

Mwalimu asimalize somo kwa kuwaambia watoto wakariri njia. Shabaha ni wafahamu kwamba kuona kunajengwa na maamuzi.

MWANAFUNZI WA PILI: KUJIFUNZA KWA MIFANO

Kwa miaka mingi watafiti waliendelea kuiandikia mashine kanuni: ukingo ni huu, pembe ni hii, vitu vyenye pembe hizi ni meza. Lakini meza zina sura nyingi, na kila kanuni ilikuwa na vighairi vyake. Njia nyingine ilikuwa kuipa mashine mifano mingi yenye majina, na kuiacha itafute yenyewe alama zinazofaa. Njia hiyo ilihitaji mifano mingi mno. Mtafiti Fei-Fei Li na wenzake waliitangaza mwaka 2009 hazina ya picha iitwayo ImageNet, ambayo hatimaye ilifikia zaidi ya picha milioni 14, nyingi zikiwa zimepewa majina na watu wa kawaida waliolipwa kwa kazi hiyo. Kuanzia mwaka 2010 yalifanyika mashindano ya kila mwaka, ambamo mashine zilipewa picha zipatazo milioni 1.2 za kujifunzia, zenye aina 1,000 za vitu.

Mwaka 2012 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, aliyeitwa Alex Krizhevsky, aliingia katika mashindano hayo pamoja na mwenzake Ilya Sutskever na mwalimu wao Geoffrey Hinton. Mashine yao ilikuwa na namba za ndani zipatazo milioni 60. Mwanzoni namba hizo hazina maana yoyote. Mashine huonyeshwa picha, hukisia jina, hulinganishwa na jina sahihi, kisha namba zake hurekebishwa kidogo ili safari ijayo ikose kwa kiasi pungufu. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi mno. Walitumia kadi mbili za michoro za aina inayonunuliwa na wapenda michezo ya kompyuta, na mafunzo yalichukua siku tano hadi sita. Katika mtihani, ambapo mashine iliruhusiwa kutaja majina matano kwa kila picha, ilikosa mara 15.3 katika kila picha 100. Iliyoifuata ilikosa mara 26.2. Baada ya hapo watafiti wengi duniani waliiacha njia ya zamani.

Walimu wanafunzi walizingatie jambo moja katika kazi hiyo. Krizhevsky na wenzake hawakuridhika na picha milioni 1.2. Kila picha waliigeuza kushoto kuwa kulia, kama ionekanavyo katika kioo, na wakakata vipande vyake mahali mbalimbali, hata mifano yao ikaongezeka mara 2,048. Kwa nini? Kwa sababu mashine iliyoona mbwa wote wakitazama kushoto yaweza kudhani kuwa kutazama kushoto ni sehemu ya kuwa mbwa. Njia ya pekee ya kuifahamisha kuwa upande si sharti, ni kuionyesha mbwa walewale wakitazama kulia.

Hapo tukamkumbuka msichana wa Darasa la Tatu. Pembetatu zetu sita zote zilikalia kitako.

MWANAFUNZI WA TATU: MIFANO YA NANI?

Mwanafunzi wa tatu ni Joy Buolamwini, aliyezaliwa Kanada na wazazi wa Ghana, na kusomea shahada ya uzamili katika Chuo cha MIT. Alipokuwa akitengeneza mradi mmoja wa kompyuta, aligundua kuwa programu ya kutambua nyuso haikuuona uso wake mweusi. Alipovaa kinyago cheupe, ikaona uso. Wengine wangebadilisha taa na kuendelea. Yeye aliligeuza jambo hilo kuwa swali la utafiti.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2018 pamoja na Timnit Gebru, mtafiti mzaliwa wa Ethiopia, yalihusu programu tatu za kibiashara zilizodai kutambua kama uso ni wa mwanamume au mwanamke. Ili kuzipima walikusanya picha za wabunge 1,270 kutoka nchi sita: Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, programu hizo hazikukosa zaidi ya mara 0.8 katika kila 100. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, makosa yalifikia mara 34.7 katika kila 100. Tukumbuke kuwa mtu anayekisia kwa kurusha sarafu hukosa mara 50.

Je, kosa kubwa namna hiyo lilijifichaje? Watafiti hao walichunguza mikusanyiko miwili ya picha za nyuso iliyokuwa ikitumika. Katika mmoja, watu 79.6 kati ya kila 100 walikuwa wenye ngozi nyeupe. Katika wa pili, watu 86.2. Mashine zilizopimwa kwa picha za namna hiyo zilipata alama nzuri, kwa sababu waliokosewa walikuwa wachache ndani ya mtihani. Laiti wabunge wa Kigali na Dakar wasingeingizwa katika kipimo, kasoro isingeonekana.

Hapa pana funzo kubwa kwa mtunga mitihani. Mtihani uliotungwa kwa mifano ileile iliyofundishiwa hauwezi kufichua upungufu wa mifano hiyo. Mwanachuo wetu angalichora pembetatu ya saba iliyokalia kitako, darasa lote lingalipata, nasi tungalimpa alama za juu. Kwa kuigeuza pembetatu alifanya jambo jema la ualimu. Alikosea katika hatua iliyofuata tu, alipoliandika kosa la somo kuwa kosa la mtoto.

MIHOGO YA BAGAMOYO

Wasomaji wasidhani kuwa mambo haya ni ya nchi za mbali. Mwaka 2017 watafiti walichapisha kazi iliyofanywa katika mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo, ambamo kwa muda wa wiki nne zilipigwa picha 11,670 za majani ya muhogo. Yalikuwamo majani yenye batobato, yenye michirizi ya kahawia, yenye madoa ya kahawia, yaliyoshambuliwa na utitiri mwekundu na utitiri wa kijani, pamoja na majani mazima. Walichagua mihogo ya aina mbalimbali na ya umri mbalimbali, ili dalili zionekane katika sura zake nyingi. Kutokana na kazi za namna hiyo ilitengenezwa programu ya simu iliyopewa jina la Nuru, iliyoweza kumsaidia mkulima shambani bila kuwapo kwa intaneti.

Lakini mashine ilipotoka katika picha na kupelekwa shambani kwa simu, haikufanya vizuri kama ilivyofanya katika majaribio ya kwanza, hasa pale dalili za ugonjwa zilipokuwa hafifu. Mkulima naye anaihitaji zaidi wakati huo, dalili zingali hafifu, kabla ugonjwa haujaenea. Jani lililougua sana humfundisha mwanafunzi kwa urahisi; jani lililoanza kuugua ndilo litakalomwokoa mkulima. Mwalimu wa sayansi kimu au kilimo anayeleta darasani majani yaliyooza tu hana budi kulifikiria hilo.

YATUPASAYO WALIMU

Tusije tukafananisha mtoto na mashine kupita kiasi. Mashine ya Toronto ilihitaji picha milioni 1.2, mtoto huonyeshwa kanga wawili watatu akawatambua maisha yake yote. Mashine haiulizi kwa nini. Mtoto huuliza, naye anaweza kuelezwa sababu, kuishika pembetatu ya kijiti mkononi na kuigeuza mwenyewe. Isitoshe, mashine iliyokosea haiumii. Msichana yule alichekwa, na jina lake likaandikwa katika daftari pamoja na neno ambalo lingeweza kumfuata hadi Darasa la Saba. Hiyo ndiyo sababu mwalimu anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mhandisi.

Kutokana na haya tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, unapoandaa somo la dhana yoyote, andika orodha mbili. Katika ya kwanza andika sifa ambazo ni sharti. Katika ya pili andika sifa ambazo zimo katika mifano yako lakini si sharti: mkao, ukubwa, rangi, mahali. Kisha tafuta mifano inayobadilisha kila sifa ya orodha ya pili. Kwa pembetatu: nyembamba, pana, iliyolala ubavu, iliyosimama kwa ncha, ile ya kenchi ya paa, ile ya khanga iliyokunjwa.

Pili, onyesha pia mifano ambayo siyo. Umbo lenye pande tatu ambalo upande mmoja umepinda, au ambalo pande zake hazikukutana, humfundisha mtoto mpaka wa dhana. Mpaka wa dhana hufanana na ukingo katika lile somo la namba: huonekana pale tu vitu viwili tofauti vinapowekwa jirani.

Tatu, pima kwa mifano ambayo hukuifundishia, na igawe alama kwa makundi. Usitosheke na wastani wa darasa. Tuliona jinsi wastani ulivyoufifisha ukingo wa mlango. Vivyo hivyo wastani wa alama 70 waweza kuwaficha watoto kumi wa dawati la nyuma wasioelewa hata kidogo. Watazame hao peke yao.

Nne, mtoto anapokosa, uliza kwanza: ni mfano gani niliomwonyesha uliomfanya aone hivi? Mara nyingi jibu lake lina mantiki kamili, nayo yatoka kwetu. Swali hilo liandikwe katika sehemu ya tathmini ya kila andalio la somo, kabla ya neno lolote kuhusu uwezo wa mtoto.

HITIMISHO

Chati ile tuliishusha. Mpya ina maumbo kumi na mawili, na baadhi yake siyo pembetatu. Wanachuo huyatenga wenyewe kabla hawajaruhusiwa kuinakili. Mwanachuo wetu alirudi Darasa la Tatu wiki iliyofuata akiwa na pembetatu iliyokatwa katika boksi. Aliishika ikikalia kitako, akauliza jina lake, kisha akaizungusha polepole mbele ya watoto, akisimama kila robo ya mzunguko na kuuliza tena. Katika robo ya pili kitako kilikuwa juu. Msichana yule alinyoosha mkono kabla ya wenzake. "Ni ileile, Mwalimu," alisema. "Umeigeuza tu." Mwanachuo akalifuta lile neno katika daftari lake.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Chagua dhana moja utakayoifundisha katika mazoezi yajayo, kama vile mdudu, mto, nomino au sehemu. Tengeneza orodha mbili zilizoelezwa hapo juu.

2. Tafuta chati moja katika chumba cha zana cha chuo chako. Ni sifa gani isiyo sharti inayojirudia katika mifano yake yote?

3. Chukua safu 9 9 9 3 9 3 3 3. Tafuta tofauti za majirani kabla ya kuisafisha, na baada ya kuisafisha kwa njia ya namba ya katikati. Ukingo uko wapi sasa? Je, una hakika kuwa ndipo ulipokuwa? Eleza.

4. Umepewa matokeo ya mtihani wa darasa ambayo wastani wake ni mzuri. Eleza jinsi utakavyoyagawa ili kugundua watoto ambao somo halikuwafikia.